Kocha Anasema Homoni Zangu Hazipandi

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni kijana wa miaka 24, mkazi wa Makorora hapa Tanga, na riziki yangu naipata kwa kibarua cha kupakia na kupakua mizigo bandarini, mara zamu ya mchana, mara zamu ya usiku. Uzito wangu ni kilo 64. Huu ni mwezi wa saba tangu nianze kunyanyua vyuma katika jimu moja ya uani huko Ngamiani, ambako vifaa vingi ni vya kuunda wenyewe: mabomba yenye makopo ya rangi yaliyomiminiwa saruji kila upande, benchi la mbao, na dambeli chache za dukani. Juu ya vifaa sina neno. Kinachonisumbua ni mafundisho.

Kocha wetu ana kanuni moja asiyoivunja. Siku yoyote ya mazoezi, hata ikiwa ni siku ya mikono, tunaanza kwa kuchuchumaa na chuma mabegani kwa seti sita, na kati ya seti na seti tunapumzika nusu dakika tu, hadi magoti yatetemeke. Wapo wanaotapika, na mimi nimetapika mara tatu. Anatueleza kwamba mazoezi ya miguu hupandisha homoni, hasa testosteroni, yaani homoni ya kiume, na homoni ya ukuaji, na kwamba homoni hizo zikishajaa katika damu ndipo mkono unapofaidi, kwa hiyo mtu akifanya mikono bila miguu anapoteza jasho lake. Baada ya hapo tunafanya mikono kwa seti mbili au tatu za haraka haraka, kisha anatuhimiza tunywe poda ya protini anayoiuza yeye mwenyewe ndani ya nusu saa, kwa sababu, kama anavyosema, homoni zikishashuka mlango umefungwa.

Mwalimu, mapaja yangu yameongezeka kiasi kwamba suruali mbili nimempa mdogo wangu. Mkono, hata hivyo, nilipoanza ulikuwa na mzunguko wa sentimita 29, na leo una sentimita 29 na nusu. Nilipomlalamikia kocha, alinitazama kwa huruma akaniambia kwamba homoni zangu hazipandi, na akanishauri nikapimwe damu mara tu ninapotoka mazoezini. Mwenzangu mmoja naye ananivuta pembeni kila wiki kunishawishi nichome sindano zinazouzwa kwa siri, akidai kwamba zenyewe huzishika homoni zisishuke.

Nina mambo mengine mawili. Mdogo wangu wa kike, mwenye miaka 20, alitaka kujiunga nasi akaambiwa kwamba mwanamke hana testosteroni, kwa hiyo atachoka bure. Na Ramadhani inakaribia, nami sijui nifanye mazoezi saa ngapi ili homoni zisipotee kwa sababu ya kufunga.

Usingizi wangu si mzuri sana. Ninapokuwa zamu ya usiku hulala kwa muda wa saa tano hivi tu. Chakula changu ni ugali na maharage mchana, na usiku samaki akipatikana.

Naomba unieleze ukweli wake: je, homoni zinazopanda baada ya mazoezi ndizo zinazokuza misuli?

Wako,
Mpiga Chuma wa Makorora

Marahaba, kijana wangu.

Nianze na jibu, kisha nilieleze kwa kirefu, maana najua kesho utarudi uani na utaulizwa umeyatoa wapi. Kwa yote uliyoniandikia, sioni dalili kwamba homoni zako zina kasoro yoyote. Na hata zingepanda maradufu kila unapochuchumaa, mkono wako usingenenepa kwa sababu hiyo. Kupanda kwa homoni baada ya mazoezi ni jambo la kweli kabisa. Kilichokosewa ni kazi ambayo homoni hizo zimetwishwa.

Tumtendee haki kocha wako kwanza, kwa sababu mafundisho yake hakuyaokota njiani. Mwaka 1990 mtafiti wa Marekani William Kraemer na wenzake walipima damu za watu waliokuwa wakinyanyua vyuma kwa mitindo mbalimbali, wakaona kwamba mtindo wa marudio kumi kwa kila seti, wenye mapumziko mafupi ya dakika moja, ndio uliopandisha sana homoni ya ukuaji. Kipimo hicho kilikuwa sahihi, na kimerudiwa mara nyingi. Makosa yaliingia katika hatua iliyofuata, pale watu walipohitimisha kwamba, kwa kuwa testosteroni na homoni ya ukuaji zina sifa ya kujenga mwili, basi mtindo unaozipandisha zaidi ndio lazima uwe unaokuza misuli zaidi. Walimu wa mazoezi wa zama zile tulilipokea jambo hilo bila kuuliza, nami nikiwamo. Niliwahi kuwachuchumalisha wanafunzi mchanga wa Raskazone wakati wa jua kali kwa imani hiyo hiyo, na leo nikikutana nao mjini hunicheka.

Sasa tazama homoni zenyewe zinavyokwenda. Unapomaliza seti nzito za miguu, testosteroni hupanda kwa kiasi, homoni ya ukuaji hupanda kwa kishindo, kisha zote mbili huteremka, na kwa kawaida baada ya saa moja hivi mambo yamekwisha kurudi yalikokuwa. Tena sehemu ya kupanda huko si homoni mpya zilizotengenezwa: wakati wa mazoezi makali maji hutoka katika damu na kuingia kwenye misuli inayofanya kazi, damu ikabaki nzito kidogo, na kipimo kikasoma homoni nyingi zaidi ingawa hakuna kilichoongezwa. Halafu ini nalo, kwa kuwa damu inayolifikia imepungua kwa muda, huchelewa kuziondoa. Ujenzi wa msuli wenyewe hauendi kwa saa hiyo moja. Kasi ya msuli kutengeneza protini mpya hubaki juu kwa siku nzima baada ya mazoezi, na kwa mtu ambaye hajazoea huweza kufika saa 48. Fundi anayejenga siku mbili hawezi kuwa anategemea kibarua aliyepita mara moja akaondoka.

Yangekuwa ni mawazo matupu tu, ningeyaacha hapo. Lakini mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, kilichopo mjini Hamilton nchini Kanada, walichapisha jaribio ambalo ni kama lilitungwa kwa ajili ya barua yako. Waliwachukua vijana 12 wa kiume wakawafundisha kwa wiki 15, na ujanja wao ulikuwa kumfanya kila kijana ashindane na nafsi yake. Mkono mmoja ulipangiwa siku yake: kijana alikunja kiwiko na chuma, akamaliza, akaenda zake bila kugusa zoezi la mguu, na homoni katika damu yake zikabaki pale pale. Mkono wa pili ulipangiwa siku nyingine. Ulifanya kazi ile ile kwa mpango ule ule, ila papo hapo baada yake kijana alitiwa kwenye mazoezi mazito ya miguu, damu ikajaa testosteroni na homoni ya ukuaji huku mkono ungali una moto. Mtu ni mmoja, chungu cha chakula ni kimoja, usingizi ni mmoja, na hata urithi wa wazazi ni mmoja. Kilichotofautiana ni homoni tu.

Baada ya wiki 15 walipima. Mkono uliozoezwa bila miguu ulikuwa umeongezeka unene wa msuli kwa asilimia 12, na ule uliomwagiwa homoni kwa asilimia 10. Kwa nguvu, wa kwanza uliongezeka asilimia 20 na wa pili asilimia 19. Kwa hesabu za utafiti hizo si tofauti. Mikono ilikwenda sare. Mwaka mmoja kabla ya hapo, 2009, kundi hilo hilo lilikuwa limekwisha chukua vipande vidogo vya msuli kwa sindano na kupima kasi ya ujenzi wa protini saa chache baada ya mazoezi ya namna hizo mbili, likakuta kasi ni ile ile, homoni zikiwapo au zisipokuwapo.

Unaweza kuliona jambo hili hata bila maabara. Damu yako ni moja, na homoni iliyomo humo haijui njia ya bega la kulia peke yake. Inapita kichwani, shingoni, mikono yote miwili na vidole vya miguu. Ingekuwa kujaa kwa homoni katika damu ndiko kunakokuza, basi mtu anayechuchumaa kila siku angeota mikono, shingo na mashavu bila kuvigusa. Wewe mwenyewe ni ushahidi unaotembea: miezi saba umezipandisha homoni kwa seti sita za miguu, na kilichokua ni mapaja.

Basi ni nini kinachokuza? Ni ule mvuto wa uzito juu ya nyuzi za msuli wenyewe. Uzi wa msuli unapovutwa kwa nguvu karibu na ukomo wa uwezo wake, chembe zake huhisi mvuto huo na kuwasha, ndani kwa ndani, mitambo ya kutengeneza protini, na protini hiyo hutokana na chakula ulichokula. Homoni zinazopanda wakati ule ni za kazi nyingine zaidi, kama kuutolea mwili mafuta na sukari za kutumia na kuusaidia kustahimili taabu uliyoupa. Homoni ya ukuaji kwa mtu mzima huonekana kusaidia kano na tishu zinazoshikanisha kuliko nyama ya msuli. Kupanda kwake ni kama moshi jikoni. Ukiuona, unajua kuna moto, lakini moshi hauivishi wali, na mpishi anayeongeza kuni mbichi ili moshi uwe mwingi atalala njaa.

Haki inanidai niseme kwamba si kila jaribio lilitoa jibu moja. Utafiti mdogo wa Norwei uliochapishwa mwaka 2011, ambao miguu ilizoezwa kabla ya mkono kama mnavyofanya nyinyi, uliona mkono uliotanguliwa na miguu ukipata nafuu kidogo. Kocha wako akikutajia huo, usibishe kwamba haupo. Lakini McMaster waliendelea kupima watu wengi zaidi. Mwaka 2012 waliwaangalia vijana 56 waliofanya mazoezi kwa wiki 12, wakatafuta kama wale ambao testosteroni yao hupanda sana baada ya mazoezi ndio walioongezeka zaidi, na hawakuona uhusiano wowote. Homoni zilizoonyesha uhusiano, ingawa hafifu, zilikuwa kotisoli, ile ambayo majimu mengi huisingizia kwamba inakula misuli, na homoni ya ukuaji, nayo kwa unene wa nyuzi za msuli tu, si kwa uzito wa mwili usio wa mafuta. Mwaka 2016 wakarudia kwa wanaume 49 waliokwisha zoea vyuma, nusu wakinyanyua uzito mwepesi kwa marudio 20 hadi 25, nusu uzito mkubwa kwa marudio 8 hadi 12, wote wakienda hadi washindwe. Makundi yote mawili yalikua sawa, na homoni baada ya mazoezi kwa mara nyingine hazikutabiri chochote. Mimi nikiweka vyote hivyo kwenye mizani, naona upande mmoja umelemea.

Hilo la mapumziko ya nusu dakika ndilo lililonisikitisha zaidi katika barua yako. Mtafiti mwingine wa Marekani, Brad Schoenfeld, pamoja na wenzake, walichapisha mwaka 2016 jaribio la wiki 8 kwa vijana 21 wenye uzoefu: wengine walipumzika dakika moja kati ya seti, wengine dakika tatu, mazoezi yakiwa yale yale. Waliopumzika dakika tatu ndio waliopata nguvu na misuli zaidi. Kumbuka kwamba mapumziko mafupi ndiyo yanayopandisha homoni ya ukuaji, kwa hiyo wenye moshi mwingi ndio waliopata wali mchache. Sababu yake ni nyepesi: aliyepumzika anarudi kwenye chuma akiwa na uwezo wa kunyanyua uzito ule ule kwa marudio yale yale, na anayehema anapunguza.

Na huko kutapika si sifa. Katika joto letu la pwani, mtu anayefanyishwa miguu kupita kiasi bila maji ya kutosha anaweza kuumiza misuli hadi takataka zake zikaziba figo. Ukiona siku moja mkojo wako umekuwa wa rangi ya chai ya rangi au soda nyeusi, na mapaja yanauma na kuvimba isivyo kawaida, usingoje kesho. Nenda hospitali saa ile ile.

Nije sasa kwenye sindano, na hapa naomba utulie, kwa sababu mwenzako ataitumia hoja yangu vibaya. Atakuuliza: ikiwa homoni hazikuzi, mbona wanaochoma sindano hufura? Nami sitakudanganya kwamba hawafuri. Mwaka 1996 Shalender Bhasin na wenzake nchini Marekani waliwapa wanaume testosteroni kwa wiki 10, kwa dozi inayozidi kwa mbali ile ambayo mwili hujitengenezea, na waliochomwa bila kufanya mazoezi yoyote waliongezeka uzito usio wa mafuta kwa kilo 3.2 hivi, hali waliofanya mazoezi bila dawa waliongezeka kilo 1.9. Waliofanya vyote viwili waliongezeka kilo 6.1. Lakini hiyo ni testosteroni iliyoinuliwa mara kadhaa juu ya kawaida, usiku na mchana, kwa wiki na wiki. Haina undugu na kile kipando cha muda mfupi baada ya kuchuchumaa, na ndiyo maana ni upuuzi kusema kwamba sindano inazishika homoni zisishuke. Vivyo hivyo, upande wa pili, kiwango cha kila siku kikiporomoka kabisa kina athari: watafiti wa Denmark mwaka 2006 waliwapa vijana dawa ya kuzima testosteroni hadi karibu sehemu moja ya kumi ya kawaida, na vijana hao walifanya mazoezi kwa wiki 8 wakapata faida ndogo kuliko wenzao. Kiwango cha kawaida cha mwili kina maana. Yale mawimbi madogo juu yake ndiyo yasiyo na maana.

Gharama ya sindano huwa haitajwi pembeni ya jimu. Ubongo ukiona testosteroni imejaa kutoka nje, huziamuru korodani zikome kufanya kazi. Nazo husinyaa, na mbegu za uzazi hupungua au hutoweka kabisa, na kurudi kwake baada ya kuacha huweza kuchukua miezi mingi. Wapo wanaoota matiti ambayo hayaondoki bila kupasuliwa. Mafuta mema ya damu hushuka, damu huwa nzito, moyo hulemewa. Ongeza hapo kwamba kichupa kinachouzwa kwa siri hakuna ajuaye kilichomo, na kwamba sindano ikichangiwa huleta virusi vya UKIMWI na homa ya ini. Wewe una miaka 24, na bila shaka unatazamia kuitwa baba siku moja. Mwambie mwenzako hapana, na asikuvute pembeni tena.

Kupimwa damu mara tu baada ya mazoezi nako ni kutupa fedha. Testosteroni hupimwa asubuhi, wakati kiwango chake kiko juu, na daktari huirudia siku nyingine kabla hajasema neno. Tena hupimwa kwa mtu mwenye dalili, kama kukosa hamu ya tendo la ndoa, uchovu usioisha, au ndevu kupungua. Ukiwa nazo, nenda hospitali ya Bombo ukamweleze daktari waziwazi. Ikiwa huna, kipimo hicho hakikuhusu.

Mbona basi mkono haukui? Jibu liko katika barua yako mwenyewe, mwishoni mwa kila siku ya mazoezi. Unaufikia mkono ukiwa umeishiwa, unaupa seti mbili au tatu za haraka haraka, na nina hakika chuma unachokunja leo ni kile kile cha mwezi wa kwanza. Miguu imepewa seti sita nzito kila siku, na miguu imekua. Upe mkono siku mbili kwa wiki ambazo zinaanza na mkono. Kwa kila upande wa mkono, mbele na nyuma, fanya jumla ya seti 10 hivi kwa wiki, kila seti uimalize ukiwa umebakiza rudio moja au mawili tu ya uwezo wako, kisha pumzika dakika mbili hadi tatu, hata wenzako wakikuita mvivu. Usiusahau upande wa nyuma, maana huo ndio wenye sehemu kubwa ya unene wa mkono, nawe hukuutaja kabisa. Ukiweza kufanya marudio 12 kwa utulivu, ongeza uzito. Makopo ya saruji hayaongezeki kilo moja moja, najua, lakini chupa ya maji iliyojazwa mchanga na kufungwa kwa kamba inatosha. Miguu usiiache, ila ipe siku zake.

Kuhusu chakula, mlango wa nusu saa haupo. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2018, uliojumlisha tafiti 49, ulionyesha kwamba protini husaidia misuli ya anayenyanyua vyuma hadi kufikia gramu 1.6 hivi kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku, na zaidi ya hapo faida haionekani. Kwako wewe wa kilo 64 ni kama gramu 102. Ugali na maharage ya mchana peke yake havikufikishi huko. Samaki wa gramu 200 ana gramu 40 hivi, mayai matatu yana 18, kikombe cha maharage yaliyopikwa kina 15, vikombe viwili vya maziwa vina 16, na ugali wenyewe wa siku unakuletea nyingine 15 au zaidi. Hapo umefika bila poda. Siku samaki akiwa ghali, kuna dagaa. Poda si haramu wala si sumu ikiwa ni protini halisi, lakini fedha unazompa kocha kila mwezi zingekununulia trei kadhaa za mayai. Ukila mlo wa kawaida ndani ya saa chache kabla au baada ya mazoezi, umekwisha.

Usingizi ndio ninaouogopa zaidi kuliko yote. Mwaka 2011 Chuo Kikuu cha Chicago kilichapisha matokeo ya vijana 10 wenye afya waliolazwa saa tano tu kwa usiku kwa muda wa wiki moja. Testosteroni yao ya mchana ilishuka kwa asilimia 10 hadi 15. Ukitaka kuhangaikia homoni, hangaikia hapo. Siku za zamu ya usiku funga dirisha kwa kitambaa kizito, waombe wa nyumbani wapunguze redio, na ulale kwa muda wa saa saba kama unavyoweza. Siku uliyobeba magunia usiku kucha usiende uani kabisa.

Mdogo wako wa kike ameonewa. Watafiti wale wale wa McMaster mwaka 2012 waliwapima wanaume 8 na wanawake 8 baada ya mazoezi mazito ya miguu. Ongezeko la testosteroni kwa wanaume lilikuwa mara 45 ya lile la wanawake, na bado kasi ya kujenga protini ndani ya msuli ilikuwa sawa kwa wote. Mwanamke huanza na misuli michache kuliko mwanamume, lakini kwa kulinganisha na alichoanza nacho, anaongezeka kwa kadiri inayokaribiana. Mpeleke, au mfundishe uani kwenu kwa vidumu vya maji, na akija mtu kumwambia atachoka bure, msomee aya hii.

Kwa Ramadhani, usichague saa kwa kufuata homoni. Testosteroni huwa juu asubuhi na hushuka jioni kila siku, uwe umefunga au hukufunga, na hilo halibadilishi misuli kiasi cha kukusumbua. Chagua saa kwa kufuata maji. Futuru, sali, pumzika, kisha fanya mazoezi baada ya tarawehe ukiwa na chupa kando. Kisha ule daku lenye protini, mayai au maziwa au samaki uliyembakiza, badala ya vitumbua na chai peke yake. Punguza idadi ya seti kwa theluthi moja mwezi huo, lakini uzito usiupunguze.

Kwa kocha nenda kwa adabu. Ni mkubwa wako, na ametoa uani mwake kwa vijana ambao wangeweza kuwa kijiweni. Mwambie tu kwamba unaomba kujaribu mikono kwanza kwa wiki 12. Kabla hujaanza, azima utepe wa fundi cherehani, pima mkono asubuhi kabla ya mazoezi, katikati ya bega na kiwiko, na uweke alama ya kalamu penye kipimo ili usijidanganye kwa kuhama sentimita mbili. Pima tena kila baada ya wiki nne, andika pia uzito wa chuma na marudio, na Mfungo Mosi ukiandama uniletee daftari hilo, nikutazamie palipokwama.

Wako,
Mwalimu